Injini Inapogonga Asubuhi ya Baridi

Swali: Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, naishi Njombe. Asubuhi za Juni nikiwasha, inagonga kra-kra-kra kwa sekunde mbili tatu, kisha inatulia. Gereji wamenishauri niweke oili nzito, 20W-50. Niweke?

Jibu: Usiweke kwanza. Gari likilala, oili nyingi hushuka kwenye sampo. Ukiwasha, pampu inahitaji muda kuipandisha juu. Injini yako inatumia cheni ya taimingi, na kikaza cheni chake husukumwa na presha ya oili. Presha isipofika, cheni inacheza, ndiyo hiyo kelele. Sasa fikiria baridi ya Njombe na oili nzito kama asali: itachelewa zaidi.

Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi, kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo oili inavyowahi kupanda. Ya mwisho ni uzito wake injini ikiwa ya moto. Kwa injini hii 5W-30 inafaa. Thibitisha kwenye kitabu cha gari. 20W-50 huficha kelele za injini iliyochoka, na mafundi wengi wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Angalia kwanza kiwango kwenye stiki. Kisha badilisha filta ya oili: ndani yake kuna ulimi wa mpira unaozuia oili kurudi chini, na kwenye filta za bei ya chee mara nyingi ulimi huo ni dhaifu. Kelele ikiendelea hata injini ikishapata moto, cheni na kikaza vifunguliwe. Taa ya oili ikibaki inawaka, zima papo hapo.