Bisibisi sikioni

Swali: Fundi, pikipiki yangu ya Boxer inagonga "tak-tak" hata ikiwa imesimama inanguruma. Nitajuaje tatizo liko wapi kabla injini haijafunguliwa?

Jibu: Pima oili kwanza. Ikipungua, kila kitu hulia. Kisha shika bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini uegemee mfupa ulio mbele ya sikio. Hamisha ncha polepole, mbali na ekzosi. Mlio mwepesi juu, kwenye kifuniko cha valvu, mara nyingi ni tapeti zilizolegea: hurekebishwa injini ikiwa baridi, kazi ndogo, usikubali kuuziwa pistoni. Mchakacho ubavuni mwa silinda, shuku cheni ya taimingi. Ukisikia kishindo kizito chini kinachozidi ukivuta mafuta, huenda ni beringi ya konrodi. Zima, isukume hadi gereji.