Maji Magumu ya Bomba: Kijitabu cha Nyumba za Mjini Unguja

Katika nyumba nyingi za mjini Unguja, birika likitumika wiki chache bila kusuguliwa hushika magamba meupe ndani. Chai ya rangi ikipoa kikombeni huota utando mwembamba juu. Mfuaji husugua sabuni ya mche hadi mikono ichoke, povu linakuja kwa shida, na kandokando ya beseni hubaki utando wa kijivu usiosuuzika upesi.

Wakiona hayo, watu husema maji yana chokaa, na hawakosei. Lakini baadhi huenda mbali zaidi: huamini chokaa hiyo inaleta mawe ya figo, wakaacha maji ya bomba na kwenda kuchota kisima cha jirani chenye maji matamu. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu utamu wa maji hausemi lolote kuhusu vijidudu vilivyomo.

Chokaa inatoka wapi

Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja ni mawe ya matumbawe, na maji mengi ya mji hutoka ardhini, kwenye visima virefu na chemchemi. Mvua ikipita hewani na udongoni hubeba hewa ya kaboni dioksaidi na kuwa na ukali kidogo, unaotosha kuyeyusha jiwe polepole. Maji yakifika kisimani yamekwisha beba madini ya kalsiamu na magnesiamu, na wingi wa madini hayo ndio ugumu wa maji. Jiwe hilohilo ndilo lililochomwa kwenye matanuri kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mji Mkongwe.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Maji yasiyozidi 60 huitwa laini. 61 hadi 120 yana ugumu wa wastani. 121 hadi 180 ni magumu. Yakizidi 180 ni magumu sana. Kipimo kamili hufanywa maabara, ila nyumbani kuna njia rahisi. Chupa mbili safi hutiwa maji hadi theluthi, moja ya bomba na nyingine ya mvua, kila moja ikawekewa kipande kidogo cha sabuni ya mche cha ukubwa uleule, kisha zikatikiswa. Ya mvua hujaa povu. Ya maji magumu hupata povu haba na maji yake huwa meupe kama tui, kwani kalsiamu imeishika sabuni kabla haijafanya kazi.

Figo na ngozi

Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Linaeleza tu kwamba ugumu ukizidi takriban 200, mabomba na vyombo vya kuchemshia huanza kushika magamba. Hesabu yenyewe inatuliza moyo: maji yenye ugumu wa 200, hata kama wote ungetokana na kalsiamu, yana miligramu 80 za kalsiamu kwa lita. Anayekunywa lita mbili hupata 160, na mwili wa mtu mzima unahitaji takriban 1000 kwa siku.

Mawe ya figo huchangiwa zaidi na kunywa maji machache, hasa kwenye joto na jasho, na kula chumvi nyingi. Anayepunguza kunywa kwa kuogopa chokaa anajitia kwenye hatari ileile anayoikimbia. Aliyewahi kuugua mawe hayo afuate ushauri wa daktari wake.

Kwa ngozi, tatizo kubwa ni mabaki ya sabuni, ambayo huwasha na kukausha. Nchini Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulifuatilia watoto 336 wenye ukurutu. Waliofungiwa mashine za kulainisha maji nyumbani hawakupata nafuu zaidi ya wenzao. Kutumia sabuni kidogo, kusuuza vizuri na kupaka mafuta mwili ungali na unyevu kunasaidia, bila gharama ya mashine.

Hasara iko jikoni na kwenye beseni

Magamba hupitisha joto kwa taabu, hivyo birika lenye chokaa nene hula gesi, mkaa au umeme zaidi. Siki na maji, nusu kwa nusu, huchemshwa ndani yake, huachwa saa moja, kisha birika likasuuzwa mara mbili. Maji ya ndimu nayo hufanya kazi hiyo. Siki au ndimu isichanganywe kamwe na jiki: mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.

Mbaazi na maharage huchelewa kuiva kwenye maji magumu, kwani kalsiamu hukaza maganda yake. Kuziloweka usiku kucha na kuzipika kwa maji ya mvua hupunguza muda jikoni. Magadi nayo hulainisha, lakini huongeza sodiamu, isiyomfaa mwenye shinikizo la damu, na huharibu vitamini B1. Kwa kufua, sabuni ya unga hustahimili ugumu kuliko ya mche.

Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu: chokaa hujitenga na kuzama, na maji yakitulia huchujwa juujuu. Faida kubwa zaidi ni kuua vijidudu. Mji huu unaujua uchungu wa kipindupindu. Mlipuko wa 1869 na 1870 uliua watu wengi, na Sultani Barghash, aliyetawala hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba.

Mvua za masika na vuli hutoa maji laini ya kufulia na kupikia. Maji ya mwanzo yanayoosha bati humwagwa, pipa hufunikwa mbu wasizaliane, na ya kunywa huchemshwa au kutiwa dawa ya klorini kama ya bomba.

Dalili nyingine zisichukuliwe kuwa chokaa tu. Maji yakianza kuwa na ladha ya chumvi, huenda bahari imeingia kisimani, na mwenye shinikizo la damu hana budi kupata maji mengine ya kunywa. Yakibadilika rangi au harufu, nyumba ichemshe ya kunywa na kuiarifu Mamlaka ya Maji Zanzibar. Watu wa nyumba moja wakiharisha pamoja, wafike kituo cha afya siku hiyohiyo, huku mgonjwa akinyweshwa ORS. Maji ya bomba yaliyochemshwa na kupozwa yanafaa kuichanganyia, hata yakiwa magumu.