Somo: Kuuza kwa Haki Hedifoni za Kale za Ndege

Miongoni mwa vitu vinavyotafutwa na wakusanyaji wa kumbukumbu za usafiri wa anga ni hedifoni walizopewa abiria ndani ya ndege miaka ya 1960 na 1970. Katika somo hili tunaeleza mambo matatu ambayo muuzaji anapaswa kuyaweka wazi kabla ya kupokea fedha za mnunuzi.

1. Eleza kitu chenyewe

Nyingi za hedifoni hizo hazikutumia umeme. Zilikuwa mirija ya plastiki yenye uwazi ndani, mfano wa kipimo anachotumia daktari kusikiliza mapigo ya moyo. Spika ilikuwa ndani ya mkono wa kiti, na mirija ilipeleka sauti masikioni kwa njia ya hewa. Kwa hiyo hedifoni ya aina hii haiwezi kutumika kwenye simu wala redio. Anayeitangaza kuwa “nzima, inafanya kazi” bila maelezo zaidi humtumainisha mnunuzi jambo lisilowezekana. Tunashauri aandike: “Ni ya mirija, ya kuhifadhi kama kumbukumbu, haiungwi kwenye simu.” Ataje pia mirija iliyokakamaa au kupasuka, na sponji zilizochakaa au kubadilishwa.

2. Usikuze umri wala uadimu

Nembo ya shirika lililokufa hupandisha bei. East African Airways ilikoma mwaka 1977, na Pan American mwaka 1991. Hata hivyo, nembo peke yake si ushahidi, kwani kibandiko huweza kubandikwa baadaye. Sema unalolijua: uliipata kwa nani, lini, na kwa risiti gani. Neno “adimu” lisitumike pasipo sababu unayoweza kuieleza.

3. Hakikisha una haki ya kuuza

Kwa kawaida hedifoni zilikuwa mali ya shirika, nazo zilikusanywa kabla ya abiria kushuka. Iliyochukuliwa bila ruhusa haigeuki kuwa halali kwa kukaa kabatini miaka mingi. Iliyouzwa na shirika lenyewe, au kutolewa zawadi, iambatane na uthibitisho wowote uliopo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza, na bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Isipolingana, mnunuzi aweza kuikataa na kudai fedha zake. Kwa sababu hiyo, pande zote mbili zihifadhi nakala ya tangazo, picha na risiti.

Zoezi

Muuzaji amerithi hedifoni ya mirija, ameibadilisha sponji, na ametangaza: “Adimu, ya asili, inafanya kazi vizuri.” Ni maneno gani atakayoshindwa kuyatetea? Andika upya tangazo lake.