Mpangaji Kahama, Bili Haijahama

Mdogo wangu wa Elburgon uliyeniandikia kuhusu ploti aliyowaachia marehemu baba, pole sana. Vyumba havina watu, na bado kila mwezi ujumbe wa bili ya maji unaingia kwenye simu. Hauko peke yako. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti msituni Februari 2018, mji uliokuwa ukila kwa mbao ulikosa kazi. Vijana walifunga virago. Marufuku ilitangazwa kuondolewa Julai 2023, Rais Ruto akiwa hapo jirani Molo, lakini mpangaji aliyekwisha hama harudi kwa tangazo.

Sasa nisikilize. Kampuni ya maji haioni chumba kitupu. Inaona mita na jina la akaunti. Akaunti ikiwa wazi, bili itatoka, maana ndani yake mna mambo mawili: maji yaliyotumika, na ada ya mita ya kila mwezi. Ada hiyo imo kwenye viwango vinavyoidhinishwa na WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini. Kwa hivyo usimfokee msichana wa kaunta, hana uwezo wa kuifuta. Lakini maji ambayo hayakutumika usiyalipe kimya kimya.

Chukua bili, nenda kwenye mita, pangusa kioo. Kwa kawaida tarakimu nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni sehemu ya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ukiandikiwa uniti sita, hiyo ni mitungi 300. Nani aliichota? Kama tarakimu za bili zimepita za mita, huenda umekadiriwa tu, labda msoma mita alikuta geti limefungwa. Piga picha, andika barua, omba bili irekebishwe. Kama zinalingana, funga mifereji yote na utazame kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, maji yanavuja. Anzia kwenye tangi la choo, ndiko yanakopotelea bila mtu kusikia.

Kama huoni dalili ya mpangaji, omba kwa maandishi maji yakatwe kwa muda. Uliza kwanza gharama ya kurudishiwa. Ikizidi ada ya miezi unayotarajia kungoja, afadhali ufunge koki na uendelee kulipa ada peke yake. Barua yoyote unayopeleka, rudi na nakala iliyopigwa muhuri. Hapo sitaki mchezo, maana afisa aliyekuahidi kwa mdomo anaweza kuhamishwa kesho. Na akaunti isibaki kwa jina la marehemu; waulize hati wanazohitaji uibadilishe.

Deni lililokwisha rundikana, omba kulilipa kidogo kidogo, na tafadhali usimtwike mpangaji mpya. Siku mpangaji anapotoka, someni mita pamoja kabla hujamrudishia dipoziti.

Kampuni ikikunyamazia, peleka malalamiko WASREB. Kifungu cha 46 cha Katiba kinalinda haki za watumiaji wa huduma, na wewe ni mmoja wao. Mimi naamini mji ukikosa kazi, mwenye vyumba vitupu anastahili nafuu ya ada, na nafuu hiyo iandikwe ndani ya viwango vyenyewe. Viwango vikipitiwa upya, wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda na majirani zako wa ploti, mkaidai.