Bunduki ya Hewa: Kila Mafuta na Mahali Pake

Mahali pasipo na umeme, mashine ya kusaga huweza kuendeshwa kwa injini ya dizeli. Injini hiyo haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huikandamiza hewa ghafla, nayo hupata joto la kutosha kuwasha mafuta yanayonyunyizwa ndani. Rudolf Diesel aliithibitisha kanuni hii kwa injini yake ya mwaka 1897. Kanuni hiyo hiyo hutuonya tunapotunza bunduki ya hewa ya springi.

Bunduki hiyo haitumii baruti. Inapofyatuliwa, springi iliyobanwa huisukuma pistoni, nayo huikandamiza hewa iliyomo katika silinda. Hewa hiyo ndiyo inayorusha kidonge cha risasi.

Tukadirie joto lake. Hewa ya nyuzi 27 za Sentigredi, yaani 300 za Kelvini, ikikandamizwa hadi 1/16 ya ujazo wake bila kupoteza joto, halijoto huzidishwa kwa 3.03. Jawabu ni karibu 909 za Kelvini, au nyuzi 636 za Sentigredi. Chuma hunyonya sehemu ya joto hilo, hata hivyo linalobaki laweza kuwasha mafuta ya injini.

Basi anayetia mafuta hayo ndani ya silinda ameigeuza bunduki kuwa injini ya dizeli. Dalili zake ni moshi, harufu ya kuungua na mlio mkubwa kupita kawaida. Mlipuko huo huharibu kizibo cha pistoni na huweza kuvunja springi.

Utunzaji ufaao ni huu:

1. Hakikisha kwanza kwamba bunduki haina kidonge wala springi haikuvutwa.
2. Silinda: tone moja la mafuta ya silikoni, tena kwa nadra.
3. Springi: grisi ya molibdenamu, utando mwembamba tu. Silikoni haifai hapa, kwani hailainishi vyema chuma kinachosuguana na chuma.
4. Bawaba: tone moja la mafuta ya injini.
5. Nje ya mtutu: pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa wakati wa masika, ili kuzuia kutu. Wakati wa kiangazi mafuta yasizidi, maana hunasa vumbi likawa kama msasa.
6. Usifyatue bila kidonge. Pistoni hukosa mto wa hewa ikagonga mwisho wa silinda.
7. Usiifungue mwenyewe. Springi hubaki imebanwa hata bunduki isipovutwa, nayo yaweza kuchomoka na kujeruhi. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kibanio.

Jaribio: Sukuma pampu ya baiskeli mara 20 mdomo wake ukiwa wazi, kisha ushike mwisho wake. Ikipoa, rudia huku umeuziba mdomo kwa kidole. Je, ni ipi iliyopata joto zaidi? Eleza kwa nini msuguano peke yake hautoshi kuwa sababu.