Ndoto za Mgonjwa: Ujumbe, Kazi ya Ubongo au Athari ya Dawa?

Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huenda akaota usiku baada ya usiku kwamba marehemu babu yake anamwita. Tafsiri atakayoipa ndoto hiyo yaweza kuamua iwapo ataendelea kumeza dawa au ataiacha.

Katika Usoke, kwenye reli ya kati kati ya Tabora na Kigoma, tafsiri haziko chache. Kwa mapokeo ya Wanyamwezi, ndoto ni mojawapo ya njia ambazo mizimu huwafikia walio hai. Anayesumbuliwa humwendea mfumu aague, na huenda ukoo ukatakiwa kutambika. Uislamu, uliofika Tabora pamoja na misafara ya biashara katika karne ya 19, hutofautisha ruya njema itokayo kwa Mungu, ndoto mbaya ya shetani, na yale ambayo nafsi hujizungumzia yenyewe. Aliyeota vibaya hufundishwa kujikinga kwa Mungu, kugeukia ubavu mwingine na kutomsimulia mtu. Hapa mtoa huduma azingatie jambo moja: mgonjwa anayefuata mafundisho hayo hataitaja ndoto yake mwenyewe. Basi aulizwe juu ya usingizi wake, si juu ya yaliyomo ndotoni.

Wanasayansi nao hawajaafikiana. Mwaka 1900 Freud aliziona ndoto kuwa matamanio yaliyofichika. Mwaka 1953 Aserinsky na Kleitman, huko Chicago, walieleza kipindi cha usingizi ambapo macho huenda mbio na ndoto nyingi zilizo wazi hutokea; kwa mtu mzima huchukua takriban robo ya usingizi. Hobson na McCarley walidai mwaka 1977 kwamba ubongo hujaribu tu kuunganisha misisimko inayotoka katika shina lake. Kwa maoni yangu, mhudumu wa zahanati hahitaji kungoja mjadala huo umalizike.

Anachohitaji kukijua ni dawa. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi katika tiba ya VVU, huleta ndoto kali, hasa wiki za mwanzo. Watu wenye vinasaba fulani, ambao ni wengi barani Afrika, huiondoa mwilini polepole, na mlo wenye mafuta mengi huongeza kiwango chake katika damu. Ndiyo maana humezwa wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu. Dolutegraviri iliyochukua nafasi yake nayo yaweza kuvuruga usingizi, na mara nyingi kuihamishia asubuhi hutosha. Meflokwini ya malaria na propranololi ya moyo pia zinajulikana kwa ndoto mbaya.

Jinamizi ni jambo jingine: fahamu hurejea huku misuli ingali imelegea kama usingizini, na mtu huhisi amekandamizwa kifuani. Hutisha, lakini hupita lenyewe baada ya muda mfupi. Mzee anayepiga mateke na kupaza sauti akiwa ndotoni apelekwe kwa daktari, kwani hali hiyo yaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kadhaa.

Mgonjwa anayetaka kutambika asizuiwe wala kudhihakiwa. Aambiwe kwa upole kwamba vidonge viendelee siku ya tambiko na siku zote, kwa kuwa virusi vinavyopewa nafasi huweza kujenga usugu, na kwamba ndoto zikizidi arudi kituoni abadilishiwe saa ya kumeza au dawa yenyewe.