Ualimu wa Hesabu na Sayansi Marekani: Soma Sharti Kabla ya Kuhesabu Dola

Unaishi Marekani, unasomea ualimu wa hesabu, fizikia, kemia au biolojia, na ada inakubana. Fedha za walimu wapya wa masomo haya zipo. Usizivamie zote. Kila mfuko una sharti lake, na sharti ndilo la kuangalia kwanza.

Anza na ufadhili wa Noyce kwa walimu wanafunzi. Mlipaji ni National Science Foundation, lakini huko huombi. Fedha hupewa vyuo, na vyuo ndivyo vinavyochagua wanafunzi. Nenda idarani kwako uulize: "Noyce mnayo? Imebakiza miaka mingapi?" Hilo la pili usilisahau, maana ruzuku hizi huisha. Uwe raia au mwenye green card. Halafu piga hesabu: ukilipiwa mwaka mmoja, unadaiwa miaka miwili ya kufundisha katika wilaya yenye uhitaji mkubwa. Ukilipiwa miwili, unadaiwa minne. Ukikatisha, unarudisha.

TEACH Grant, ruzuku ya serikali kuu, huanzia kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali hiyo. Kiwango cha juu ni dola 4,000 kwa mwaka, ingawa mara nyingi hukatwa kidogo. Wewe unaahidi kufundisha miaka 4 ndani ya miaka 8 baada ya masomo, katika shule ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, na uwe unafundisha somo lenye uhaba wa walimu. Hesabu na sayansi zimo.

Hapa ndipo wengi wameumia. Usipotimiza ahadi, ruzuku inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ulipopokea fedha, si siku ulipokosea. Wapo walimu waliofundisha kwa uaminifu kabisa, lakini karatasi ya uthibitisho ikachelewa, wakaamka na deni. Serikali ililegeza utaratibu baadaye, baada ya kelele nyingi. Wewe usisubiri huruma. Fungua faili moja la mikataba, barua za mwajiri na nakala za kila fomu. Weka kikumbusho kwenye simu cha kila mwaka. Na kabla ya kusaini ajira, hakikisha shule hiyo imo kwenye orodha ya serikali ya mwaka huo. Neno la mkuu wa shule peke yake halitoshi.

Kama tayari una mkopo wa serikali kuu, uliza pia kuhusu Teacher Loan Forgiveness. Mwalimu wa hesabu au sayansi wa sekondari anaweza kusamehewa hadi dola 17,500 akifundisha miaka 5 mfululizo kwenye shule za watoto wa familia zenye kipato kidogo.

Ukishapata darasa, itazame Knowles Teacher Initiative ya New Jersey. Ilianzishwa mwaka 1999, na ufadhili wake ni wa miaka 5 kwa walimu wachanga wa hesabu na sayansi wa sekondari. Kuna posho na fedha za vifaa, lakini kwa maoni yangu utamu wake ni wenzako: walimu wa rika lako wa kukutana nao na kuchambua vipindi. Mwaka wa kwanza darasani una upweke wake, na posho haiutibu.

Kwenye insha ya maombi, usiandike kwamba umependa hesabu tangu utotoni. Kila mtu ameandika hivyo. Eleza kipindi kimoja: wanafunzi walikwama wapi, ukabadilisha nini, nini kikatokea. Kama ulisoma Morogoro au Kakamega na vifaa vya maabara mlitumia kwa zamu, sema. Inaonyesha unajua sayansi inavyofundishwa kwa vichache.

Barua za wadhamini ziombe mapema, kwa mtu aliyekuona ukifundisha. Profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka hakusaidii. Vyeti vya nyumbani vipeleke kutathminiwa sasa hivi, kwa sababu leseni ya ualimu hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina mambo yake.

Kabla ya kusaini popote, omba kuongea na mfadhiliwa aliye mwaka wa pili. Muulize mikutano ya wafadhiliwa inaangukia siku gani, na siku hizo nani anamlipa mwalimu wa kukushikia darasa.